Jalada la Pili la Mfaume Mgema

Kitu cha kwanza nilichofundishwa masijala ni kunusa. Mzee Lyimo, mkuu wa chumba chetu cha majalada ya zamani, alinifungulia jalada puani akaniuliza, "Linanuka nini?" Nikasema linanuka vumbi. Akalifunga kwa hasira. "Humu kila kitu kinanuka vumbi, Asha. Wewe mwenyewe wiki ijayo utanuka vumbi. Nusa vizuri." Nikanusa vizuri, nikapiga chafya tisa mfululizo, na yeye akazihesabu. Miezi ilipita ndipo nikaelewa. Jalada lililonyeshewa linanuka uyoga, lenye mchwa linanuka udongo, na la panya mtalijua wenyewe bila mwalimu.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii sasa mmekuta skana na kompyuta, na siwaonei wivu, au nawaonea kidogo tu. Mnaandika jina, mnabonyeza, na mtandao usipokatika mtu wenu anatokea. Sisi tulikuwa na rejista kubwa iliyohitaji watu wawili kuishusha, na kichwa cha Mzee Lyimo ambacho hakikuhitaji kushushwa. Alikuwa mtu wa Machame, mrefu, mkali, na kila Desemba alirudi kwao na kutuacha sisi wa Pwani tukipumua. Akirudi Januari tu, anatukuta tumechanganya rafu mbili.

Msilambe kidole mnapofunua kurasa. Mimi nililamba mwaka mzima, hadi Mzee Lyimo aliponiambia kwa upole wa kutisha kwamba karatasi zile zilikuwa zimepuliziwa dawa ya wadudu tangu kabla sijazaliwa. "Endelea," alisema. "Ukifa nitakufungulia jalada." Msitoboe karatasi kwa pini, kutu inakula maneno. Zimeni feni kabla hamjafungua bahasha. Andikeni kwa penseli. Na msile mezani, hata kama ni vitumbua vya Mama Sauda. Mama huyo aliuza vitumbua Kariakoo, na sifa zake zilifika hadi ofisini kwetu mjini. Kuna hati moja ya kiwanja ina alama ya duara ya mafuta mpaka leo, na mtafiti mmoja aliwahi kuandika kwamba huenda ni mhuri wa kienyeji. Nilinyamaza.

Lakini somo kubwa ni lile la barabara. Mwezi wangu wa pili, Mzee Lyimo alinipa jalada la barabara fulani ya zamani nilisome nimweleze lilivyokwisha. Nikasoma siku mbili. Nikamweleza kwa madaha kwamba wahandisi walipima, wakubwa waliidhinisha, mawe yalishushwa, barabara ikajengwa. Akavuta mtoto wa meza, akatoa jalada jingine, akaliweka juu ya lile langu. Lilikuwa la pili. Mle ndani barabara haikujengwa kabisa, na mawe yaliibiwa.

"Jalada likinenepa linafungwa," alisema, "na la pili linafunguliwa. Nyuma ya ganda la kwanza, chini pembeni, panaandikwa kwamba lipo la pili. Uligeuza ukatazama?"

Sikuwa nimegeuza.

"Basi usiseme limekwisha. Sema umechoka."

Sasa shikeni hilo, kwa sababu miaka zaidi ya ishirini baadaye, nikiwa mimi ndiye mkuu wa chumba na Mzee Lyimo amestaafu na kufungua duka la misumari na bawaba Kariakoo, nililisahau.

Asubuhi moja aliingia bibi mmoja aliyejifunga kanga mbili safi, akakataa kiti na kuniangalia kama anayechagua samaki.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayetunza watu waliokufa?"

"Natunza karatasi zao, mama."

"Ni mamoja. Namtaka babu yangu. Alinyongwa."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Bi Hadija. Alikuwa wa Kariakoo halisi, kwenye nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, kabla maghorofa hayajaimeza mitaa ile. Babu yake mzaa baba aliitwa Mfaume, mgema wa tembo la mnazi, na alinyongwa Mwingereza alipokuwa bado mgeni nchini, kwa kosa la kumuua mtu. Ukoo haukujua zaidi. Wengine walisema waligombania mke, wengine mpaka wa shamba, na shangazi mmoja alisisitiza kwamba walikosana juu ya kuku. Walilokubaliana wote ni kwamba jina Mfaume lisipewe mtoto tena.

Mnajua watu wetu wa Pwani tunavyorithishana majina. Mtoto wa kiume anabeba jina la babu, na babu anakuwa kama hajaondoka. Katika ukoo wa Bi Hadija jina hilo lilikatika. Sasa mjukuu wake alikuwa amepata mtoto wa kiume, na Bi Hadija alitaka jina lirudi kabla yeye hajafa. Siku ya saba, watoto wengine wanapopewa jina, yeye aliwazuia wote. Akawaambia wasubiri mama mtoto atimize arobaini. Ikionekana babu alinyongwa kwa kusingiziwa, mtoto ataitwa Mfaume. Ikionekana aliua kweli, jina lizikwe na asilitaje mtu.

"Kwa sasa mnamwitaje?" nikauliza.

"Tunamwita Wewe," alisema. "Leo ana siku kumi na moja. Fanya haraka."

Nikatafuta kwenye rejista chini ya mauaji, hola. Nikatafuta chini ya magereza, hola. Kina Mfaume walikuwa wengi, mmoja aliiba baiskeli, mmoja aliomba kibali cha ngoma. Bi Hadija alikuja kila baada ya siku mbili kunikagua, mkononi ana bakuli la vitumbua vya Mama Sauda, aliyekuwa akiuzia kwenye baraza la nyumba ya bibi huyo. Nilikula nimesimama mlangoni, mbali na karatasi. Mnaona nilikuwa nimejifunza kitu.

Mtoto alipofikisha siku ishirini na saba nikakumbuka ujanja wa Mzee Lyimo. Alikuwa akisema ukimtafuta mtu ukamkosa, acha kumtafuta yeye, tafuta usumbufu aliowaletea wakubwa, maana mkubwa hakosi kulalamika kwa maandishi. Nikaenda kwenye barua za malalamiko ya mahakama. Nikaikuta. Ofisa mmoja alimwandikia mwenzake kwamba mashahidi wa utetezi wa mgema Mfaume ni kumi na wanne, wamelala uani kwake siku ya nne, na wanakula wali mno. Pembeni palikuwa na namba ya kesi. Nilipiga kigelegele peke yangu, mlinzi akaja mbio akidhani nimeona nyoka.

Namba ikanipeleka kwenye jalada. Lilikuwa limeliwa na mchwa upande wa chini, lakini maneno yalisomeka. Aliyeuawa aliitwa Shomari, mgema mwenzake, na ugomvi ulikuwa juu ya mnazi mmoja uliosimama mpakani, kila mmoja akidai ni zamu yake kuugema. Shomari alikutwa amekufa chini ya mnazi huo huo, kakatwa kwa kotama, kile kisu cha wagema. Kisha wakaja wale mashahidi kumi na wanne wa wali. Wote waliapa kwamba siku ile Mfaume alikuwa harusini, kijiji kingine. Walikubaliana hadi wimbo alioucheza. Mama mkwe wake alisema yeye ndiye aliyempakulia. Na jaji, mwishoni mwa ukurasa wa mwisho, aliandika kwamba mashahidi hawa wamemgusa.

Basi. Jalada likaishia hapo, na mtu alinyongwa. Nililia, wanangu. Nilimwona mgema wa watu akipelekwa kamba shingoni, na huku nyuma watu kumi na wanne wakipiga kelele kwamba alikuwa harusini. Nilifunga ofisi mapema nikaenda Kariakoo kwa miguu.

Mtauliza, hukuligeuza? Ukweli wote ni huu. Pembe ya chini ya ganda la nyuma, pale panapoandikwa, ilikuwa imeliwa na mchwa. Hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu. Lakini sababu yenyewe ni kwamba nilishampenda Mfaume, na nilimpenda Bi Hadija na mabakuli yake, na hadithi ilikuwa imekwisha pale nilipotaka ikwishe. Karani akianza kumpenda mtu wa kwenye jalada, mfungeni macho mumtoe nje apigwe na upepo.

Bi Hadija aliposikia, alikaa chini sakafuni. Kisha akaita nyumba nzima kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Alikuwa harusini! Babu alikuwa harusini!" Siku ya arobaini ikasomwa hitima ya Mfaume mkubwa, ya kwanza tangu anyongwe, na mtoto akapewa jina lake. Pilau ilipikwa kwenye masufuria ya kukodi. Nikakalishwa mbele na wazee. Mtu akasimama akasema mimi nimefufua ukoo. Sikukana, nilikuwa nakula.

Wiki mbili baadaye tuliambiwa tusafishe chumba kwa sababu kuna mkubwa atakuja kukitembelea. Sasa nawaomba msicheke, au mcheke kidogo. Mimi ni mfupi, kama mnavyonijua. Kufikia rafu ya juu nilikuwa nakanyaga furushi la majalada yaliyofungwa kwa kitambaa, ambalo tulikuwa tumeliandika "ya kupanga baadaye". Lilikuwa na kimo kizuri na halikuyumba. Nililikanyaga miaka kumi na moja. Siku ile ya usafi nikaona aibu mkubwa akiliona, nikalifungua.

Jalada la tatu kutoka juu lilikuwa na namba ninayoijua. Lilikuwa la pili la Mfaume. Nilikuwa nimemsaka huku nimemkanyaga.

Linaanza asubuhi iliyofuata, baada ya jaji kuguswa. Jaji alimwita mjane wa Shomari, akamuuliza kupitia mkalimani kama ana neno la kuongeza. Mjane hakumjibu jaji. Alimgeukia mshitakiwa akasema, na mkalimani akayaandika, "Mfaume, nyumbani nina watoto watatu. Wananiuliza nani kamuua baba yao. Niwaambie nani?"

Kisha mshitakiwa akasimama bila kuambiwa asimame. "Waambie ni mimi," alisema. "Nilimkata kwa hasira, na hasira ilipokwisha nikamshika kichwa hadi akafa. Hawa walioapa wameapa kwa kunipenda. Msiwafunge. Wameshakula wali wenu, waacheni waende kwao."

Nilikaa juu ya furushi nikasoma mara tatu. Alikuwa ameua, hapakuwa na harusi. Na mtoto wa Kariakoo alikuwa tayari anaitwa Mfaume, kwa neno langu mimi.

Hapa ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu, na hakuna semina inayofundisha. Hakuna aliyejua ila mimi. Ningelifunga furushi lile nikalirudisha chini ya mguu wangu, na Bi Hadija angekufa na furaha yake. Nilikaa nalo siku tatu na sikulala vizuri hata moja. Ya nne nikachukua nakala nikaenda dukani kwa Mzee Lyimo. Alikuwa anampimia mteja misumari.

"Mzee, nimekosea," nikasema, nikamweleza.

Aliendelea kupima. "Hukuligeuza."

"Palikuwa na mchwa."

"Nimekuuliza mchwa?"

"Sikuligeuza, mzee."

Akamfungia mteja misumari yake. "Na hilo la pili liko wapi? Usiniambie umelitoa ofisini."

"Nakala, mzee! Nakala iko mkobani."

"Afadhali. Sasa unaniuliza nini? La pili linakaa na la kwanza. La kwanza uliliacha wapi?"

Habari yake nilikuwa nimeiacha kwenye ukumbi wa Bi Hadija, na wote wawili tulijua. Akaninunulia soda nikanywa, akanitoa dukani kwa mkono.

Nilimkuta Bi Hadija barazani, amempakata mtoto. Mama Sauda alikuwa pembeni na karai lake, anapangusa vyuma vya vitumbua, biashara ya asubuhi imekwisha. Nilitaka tuingie ndani tuongee wawili, Bi Hadija akakataa. "Sema hapa hapa, Mama Sauda si mgeni. Mbona uso umekuwa hivyo?"

Nikapiga magoti, mtu mzima mimi. Nikasema, "Mama, nilikuletea nusu. Alimuua."

Nikamsomea yote, kuanzia swali la mjane hadi wali. Nilipomaliza, Bi Hadija alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu kama kuna mtu amekuja kumchukua.

"Nimempa mtoto jina la muuaji," alisema polepole. "Nimelisomea hitima. Nimewalisha watu pilau." Akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unakula."



Mama Sauda akaweka chuma chini. "Bi Hadija," alisema, "huyo Shomari ni babu yetu. Aliyeuliza pale mahakamani ni bibi yangu."

Bi Hadija alimtazama yule mwanamke aliyeuzia vitumbua barazani pake miaka kumi na tisa.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu mdogo. Kwetu wote tunajua."

"Miaka yote hii unaniuzia vitumbua na unajua?"

"Sasa bi mkubwa, ningeanzaje?" Mama Sauda akafungua mikono. "Shikamoo, vitumbua vya leo vina iliki, halafu babu yako alimuua babu yangu?"

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, na wallahi nilikuwa nalia, lakini kicheko kilinitoka puani. Nikaziba mdomo. Bi Hadija akanitazama kwa ukali, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua ni kilio au ni nini hadi nilipoona meno. Tulicheka wote watatu hadi mtoto akaanza kulia. Kisha Bi Hadija akalia kweli, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Bibi yangu hakumsamehe," Mama Sauda alisema mwenzake alipotulia. "Nisikudanganye. Lakini alikuwa akituambia, yule mtu angeweza kunyamaza, angetoka. Mashahidi walishamaliza kazi. Bibi alisema, kama angenyamaza, mimi ningekaa kijijini nikimtafuta muuaji kwenye kila uso. Aliniulia mume, lakini swali langu alilijibu."

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Tulidhani mnajua. Nani anamwendea mtu mzima kumsimulia habari za babu yake?"

Kina Shomari walinyamaza kwa heshima, kina Mfaume walinyamaza kwa aibu, na mimi nilikuwa mjini nakanyaga furushi. Na furushi lenyewe lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni nilipokuwa nikila vitumbua kila baada ya siku mbili.

Bi Hadija alimtazama mtoto. "Basi jina tulitoe," alisema. "Nilishasema, kama aliua lizikwe. Siwezi kukuwekea jina hilo masikioni kila asubuhi, Mama Sauda."

Mama Sauda alinawa mikono, akaikausha kwenye kanga, akamchukua mtoto bila kuomba. Alimwinua akamtazama vizuri.

"Mfaume," alimwita. Mtoto akanyamaza. "Liache. Ila mimi ndiye nitakayemwambia jina hilo limetoka wapi, na nitamwambia lote, mnazi, kotama na lile jibu. Usimwambie wewe, wewe utaanzia harusini."

Ikawa hivyo. Mfaume alikulia kati ya baraza na karai. Alipovunja kikombe akiwa na miaka minne, Mama Sauda alimwita akamuuliza jina lake nani, na mtoto akajua amekamatwa. Likawa neno la nyumba nzima. Kitu kikipotea hawakuuliza nani kachukua, walimuuliza jina lake nani, naye anaanza kueleza mwenyewe, akilia. Bi Hadija alifariki akiwa ameshamsikia akijibu hivyo mara nyingi, na vikombe vya kutosha vikiwa vimevunjika. Mama Sauda aliwapikia waombolezaji siku zote tatu. Naye ameshatangulia sasa.

Mimi nimestaafu. Majalada yale mawili nimeyafunga pamoja kwa utepe, fundo la kufunguka, na yakija kuingizwa kwenye kompyuta zenu nawasihi msiyatenganishe. Furushi la kukanyagia nimelipanga lote. Nimewaachia ngazi ndogo.

Wiki iliyopita simu yangu ililia mchana. Alikuwa Mfaume. Siku hizi anafanya kazi bandarini, kwa wakala wa kutoa mizigo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekula?"

"Sijala. Bibi, nimezingua." Sauti ilikuwa ndogo. "Nimetoa kontena la mtu kwa makaratasi ya mtu mwingine. Limeshaondoka. Na bosi anamfokea dereva, anadhani ni yeye. Hajajua kama ni mimi. Washkaji wote wananiambia ninyamaze, watasema nilikuwa kwenye chai. Wewe ni mtu wa makaratasi, bibi. Nifanyeje?"

Nilitafuta ushauri wa kitaalamu kichwani, na ninao mwingi. Nikaukosa. Nikamuuliza, "Jina lako nani?"

Nilisikia honi ya lori na watu wakiitana nyuma yake. Kisha akashusha pumzi.

"Bibi, nawe," alisema. "Haya. Naenda kumwambia."

Nikasikia mlango ukifunguliwa, kisha simu ikakatika.